Kano Dhaifu za Bega: Lini Zishonwe, Lini Ziachwe

Wagonjwa wa namna mbili hufika hospitali wakiwa na lalamiko moja: mkono haunyanyuki. Wa kwanza ni mfano wa dereva wa bodaboda wa Katesh mwenye umri wa miaka 48, aliyeanguka wiki mbili zilizopita akielekea Endasak. Bega liliteguka, likarudishwa mahali pake siku ile ile, lakini tangu hapo hawezi kufikisha kijiko kinywani bila kuusaidia mkono huo kwa mkono wa pili. Wa pili ni mfano wa mkulima wa Dongobesh mwenye miaka 72. Yeye hakuanguka. Bega limemsumbua kwa misimu mitatu ya kulima, usiku hawezi kulilalia, na sasa kuvaa shati kumekuwa kazi. Wote wawili wakipimwa kwa ultrasaundi huambiwa maneno yale yale, kwamba kano ya bega imechanika. Jamaa zao nao huuliza swali lile lile: je, auzwe ng'ombe ili mgonjwa apelekwe kushonwa?

Swali hilo si dogo kwa kaya za Mbulu na Hanang. Kutoka Haydom hadi Arusha ni takriban kilomita 300 kwa barabara, na mwenye kuhitaji hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC iliyoko Moshi, lazima aendelee mbele zaidi. Kwa dereva, kuchelewa miezi kadhaa kunaweza kumpotezea mkono wa kazi. Kwa mzee, haraka inaweza kumpotezea ng'ombe na msimu mzima bila faida anayoitarajia. Kinachowatenganisha ni hali ya tishu iliyobaki: kama bado ina nguvu ya kushika uzi, na kama mwili bado una uwezo wa kuigandisha upya kwenye mfupa.

Kano zenyewe

Kiungo cha bega kimeumbwa kwa namna ya pekee. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, lakini mahali kinapokaa, kwenye kombe la bega, ni padogo na hapana kina. Ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega na kuishia kwa kano bapa zinazolizunguka lile chungwa pande tatu: mbele msuli wa subskapularisi, juu supraspinatasi, nyuma infraspinatasi na teresi ndogo. Msuli mkubwa wa nje, deltoidi, ndio unaoinua mkono, lakini ukivuta peke yake huupandisha mfupa juu hadi ugonge paa la bega. Kazi ya kano nne ni kuushikilia mfupa katikati ya kisosi wakati deltoidi inavuta. Kano ya juu, supraspinatasi, ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu lugha. Vijijini neno «mshipa» hubeba mambo mengi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, ngiri, na pia kano. Mtoa huduma anayemwambia mgonjwa kwamba «mshipa umekatika» huenda akamfanya aamini kuwa anavuja damu kwa ndani au kwamba mkono umepooza. Wazee wengi wa Mbulu huzungumza Kiiraqw nyumbani, na Hanang wapo wengi wanaozungumza Kidatooga. Inafaa maelezo yapitie kwa mtu wa familia anayeielewa lugha vizuri. Maelezo ya namna hii yametosha kwa wengi: «Shikamoo mzee. Kamba inayovuta mkono wako imeachia kwenye mfupa. Haikukatika jana; imelika polepole kama kamba ya kufungia ng'ombe. Zipo kamba nyingine ambazo bado zinavuta.»

Kwa nini tishu hudhoofika

Sababu kubwa ni umri. Katika kijiji kimoja cha Japani wataalamu waliwapima kwa ultrasaundi wakazi 664 na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Asilimia 22.1 walikuwa na kano iliyochanika kabisa, na karibu theluthi mbili ya hao hawakuwa na dalili yoyote. Takwimu hii ina maana kubwa kwa mtoa huduma: tundu linaloonekana kwenye picha ya mtu wa miaka 70 si lazima liwe ndilo chanzo cha maumivu yake, na wala si lazima lizibwe.

Juu ya umri huja mambo mengine. Kisukari kisichodhibitiwa na tumbaku, iwe ya kuvuta au ugoro, hupunguza uwezo wa kano kupona. Sindano za steroidi zinazorudiwa mara kwa mara ndani ya bega hulainisha kano, na zikichomwa katika wiki chache kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi. Vivyo hivyo vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya «maumivu ya mwili» na kumezwa kwa miezi mingi. Mgonjwa mara nyingi hajui jina la dawa hiyo. Aombwe aje na pakiti yake.

Kundi jingine la dawa husahaulika zaidi. Siprofloksasini, inayotolewa sana kwa magonjwa ya mkojo na ya tumbo, na levofloksasini, iliyomo katika matibabu ya kifua kikuu sugu, zinaweza kudhoofisha kano hadi zikachanika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali kuhusu jambo hilo mwaka 2008. Kano ya kisigino ndiyo inayoathirika zaidi, lakini bega nalo limo, na hatari huwa kubwa kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia steroidi kwa wakati huo huo. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu asiache dawa zake kwa sababu ya bega; amweleze daktari wake, naye ataamua.

Mfupa pia huchoka. Kano ikikaa miaka bila kushika, sehemu ya mfupa iliyokuwa ikivutwa nayo hupungua madini na kuwa kama mkate. Mama aliyekoma hedhi huwa na upungufu huo mara mbili. Kaskazini mwa Tanzania, zikiwemo sehemu za Manyara, kuna maji ya ardhini yenye floridi nyingi. Mgonjwa mwenye meno ya kahawia tangu utotoni huenda ana mifupa inayoonekana mizito kwenye eksirei lakini ni mikavu na yenye kumeguka, pamoja na chembe za chokaa mahali kano zinaposhikia. Mpasuaji anafaa kulijua hilo kabla hajashika keekee.

Kipimo kinachofanyika bila mashine

Zahanati haina ultrasaundi, lakini ina macho na mikono, na hivyo hutosha kutenganisha sehemu kubwa ya wagonjwa. Mgonjwa avue shati na atazamwe kutoka nyuma. Bonde lililoingia juu au chini ya ukingo wa kombe la bega ni dalili kwamba msuli umekonda, na msuli haukondi kwa wiki mbili. Hiyo ni habari ya miezi au miaka.

Kisha mgonjwa alale chali na mtoa huduma ainue mkono wake polepole. Ikiwa mkono unapanda wote kwa kusaidiwa lakini mgonjwa mwenyewe hawezi kuuinua akiwa amesimama, tatizo lipo kwenye kano au kwenye mshipa wa fahamu. Ikiwa hata kwa kusaidiwa haupandi, na hasa ikiwa kiganja hakigeuki kwenda nje wakati kiwiko kimebanwa ubavuni, huenda ni bega lililoganda, ugonjwa unaowapata sana wenye kisukari, au kiungo kimelika. Bega lililoganda halishonwi.

Vipimo viwili vinaongeza ujuzi. Kiwiko kikiwa ubavuni kimekunjwa, mtoa huduma ageuze mkono wa mgonjwa kwenda nje, kisha aachie na kumwambia aushikilie hapo. Ukirudi wenyewe kama mlango usio na komeo, kano za nyuma zimechanika. Mgonjwa pia abonyeze tumbo lake kwa kiganja. Akishindwa isipokuwa kwa kukunja kifundo na kurudisha kiwiko nyuma, kano ya mbele ndiyo yenye hitilafu.

Homa, kupungua uzito na jasho la usiku humtoa mgonjwa katika mjadala huu kabisa. Kifua kikuu cha kiungo kinaweza kuanzia begani, na katika jamii za wafugaji wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa brusela nayo huumiza viungo. Hao wachunguzwe damu na kiungo kwanza. Maumivu yanayoshuka hadi vidoleni pamoja na ganzi, mara nyingi, hutoka shingoni.

Hospitali yenye eksirei inaweza kwenda mbele hatua moja muhimu. Nafasi kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na paa la bega ikipungua chini ya milimita 7 katika picha iliyopigwa mgonjwa akiwa wima, kichwa kimeshapanda, na maana yake ni kwamba kano zilichanika kwa upana na kwa muda mrefu. Picha hiyo ya bei ndogo mara nyingi hujibu swali ambalo mgonjwa angesafiri hadi jiji la mbali kulitafutia MRI.

Nani asiharakishwe

Mzee wa Dongobesh yumo katika kundi ambalo ushahidi wake umekusanywa vizuri. Huko Finland, mwaka 2014, mabega 180 ya watu wenye zaidi ya miaka 55 waliochanika kano ya juu bila ajali yaligawanywa kwa kura katika makundi matatu: mazoezi peke yake, mazoezi na kuchonga paa la bega, na mazoezi, kuchonga na kushona. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 452 waliochanika bila ajali walianza kwa mazoezi, na katika miaka miwili pungufu ya robo yao ndio walioamua kupasuliwa.

Ushahidi huo hauendi upande mmoja tu, na si haki kuuficha upande wa pili. Norwei, nchi ambayo wamisionari wake walianzisha Hospitali ya Kilutheri Haydom mwaka 1955, ilifuatilia wagonjwa 103 wenye matundu madogo na ya kati. Baada ya miaka mitano, 12 kati ya 51 walioanza kwa mazoezi walikuwa wamehitaji kushonwa, na matundu ya baadhi ya wengine yalikuwa yamepanuka. Kwa hiyo mwenye miaka 55, mwenye msuli ambao bado ni mnene na kazi nzito mbele yake, asiambiwe tu «fanya mazoezi» na kusahauliwa. Aangaliwe tena baada ya miezi mitatu, na kama hakuna nafuu, apewe rufaa. Mwenye miaka 72 na bonde nyuma ya bega yuko katika hali nyingine.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa vya kununua. Mzee hulala chali, huushika mkono mbovu kwa mkono mzima, huuinua hadi uelekee darini, kisha huachia mkono mzima na kuuacha mbovu usimame peke yake. Akiweza kuusimamisha, auzungushe taratibu na kuushusha na kuupandisha kidogo kidogo. Afanye hivyo mara tatu hadi tano kwa siku kwa dakika chache. Baada ya wiki kadhaa ashike chupa ndogo ya maji. Baadaye aweke mto au gunia mgongoni ili asilale bapa, na hatimaye afanye akiwa ameketi. Zoezi hili huifunza sehemu ya mbele ya deltoidi kufanya kazi bila msaada wa kano iliyopotea, nalo huhitaji wiki 12 za uvumilivu. Wengi huacha katika wiki ya tatu, kabla msuli haujapata nguvu.

Swali la safari za kila wiki kwa mtaalamu wa fiziotherapia nalo limepata jibu la kufariji. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliwalinganisha watu 708 wenye maumivu mapya ya kano za bega: wengine walipata hadi vikao sita vya mazoezi, wengine kikao kimoja tu cha maelezo mazuri pamoja na maandishi ya kwenda nayo nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Wenye bega lililojeruhiwa kwa ajali kubwa hawakuwamo katika utafiti huo. Kwa mtu anayeishi Bassodesh au Maghang, kikao kimoja kilichofanywa kwa makini ni tiba halisi. Nauli ya vikao vitano vilivyobaki anaweza kuitumia kwa chakula.

Nani aharakishwe

Dereva wa bodaboda ni habari tofauti. Bega linapoteguka kwa mtu aliyepita miaka 40, kano zinaweza kung'oka pamoja na tukio hilo. Kosa linalojirudia ni kufurahia kwamba bega limerudi, kulifunga, na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki sita. Akirudi na mkono usionyanyuka, huambiwa mshipa wa fahamu umevutwa na utapona wenyewe. Inawezekana kweli umevutwa. Ndiyo maana hisia za ngozi ya upande wa nje wa bega zipimwe kabla na baada ya kulirudisha. Lakini mshipa na kano vinaweza kuumia pamoja. Kanuni rahisi ni hii: mtu wa zaidi ya miaka 40 aliyeteguka bega apimwe nguvu ya mkono baada ya siku 10 hadi 14, na akishindwa kuuinua apelekwe kwa ultrasaundi na kwa mpasuaji wa mifupa, bila kungoja.

Sababu ya haraka ni mafuta. Msuli uliokatiwa kamba yake hujikunja kuelekea kombe la bega, hukonda, na nyuzi zake huanza kubadilishwa na mafuta. Mwaka 1994 Goutallier na wenzake huko Ufaransa waliyapanga mabadiliko hayo katika ngazi tano, kuanzia 0 hadi 4. Ngazi ya 3 mafuta ni sawa na nyama, na ya 4 yanaizidi. Mafuta yakishaingia kwa kiwango hicho, kushona hakuyatoi. Kano inaweza kurudishwa kwenye mfupa na bado msuli ulio nyuma yake usivute. Mpasuko wa ajali hushonwa vizuri zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na kadiri inavyowahi ndivyo kano inavyofika mfupani bila kuvutwa.

Mafundi wa kuunga mifupa wanaheshimiwa katika wilaya hizi, na wengi wa waliovunjika huanzia kwao. Si busara kuwatukana mbele ya mgonjwa. Inafaa zaidi waelezwe dalili hii moja, kwamba bega lililorudi lakini mkono haunyanyuki halifai kukandwa, lipelekwe hospitali.

Kushona kilicho dhaifu

Ernest Codman wa Boston alishona kano ya bega mwaka 1909 na kuitolea taarifa mwaka 1911. Tangu wakati huo vyombo vimebadilika sana, lakini tatizo limebaki moja. Kano changa iliyochanika ni kama turubai: uzi ukipita, hushika. Kano iliyolika ni kama kitambaa kilichokaa juani miaka kumi. Fundo halifunguki, uzi haukatiki, bali kitambaa chenyewe ndicho kinachokatwa na uzi. Kwa sababu hiyo uzi wenye nguvu zaidi hautoshi kuwa suluhisho. Suluhisho ni kugawanya mzigo.

Hatua ya kwanza ya mpasuaji ni kuikomboa kano kutoka kwenye makovu yaliyoishikilia juu na chini, mpaka ifike mfupani mkono ukiwa ubavuni. Kano inayofika tu mkono ukiwa umeinuliwa itang'oka siku mgonjwa atakapoushusha. Pili, mishono iwe mingi na iwe ya namna inayokamata nyuzi za kano kwa upana. Mwaka 1994 Gerber na wenzake wa Uswisi walionyesha kwamba mshono wa Mason-Allen uliorekebishwa, ambao uzi wake hujifunga wenyewe ndani ya kano, hushika vizuri kuliko mshono wa kawaida, nao hauhitaji kifaa chochote zaidi ya sindano na uzi mnene usioyeyuka. Tatu, uzi upitishwe kwenye matundu yaliyotobolewa mfupani, yakitokea chini zaidi upande wa nje, angalau sentimita moja chini ya ncha ya mfupa, ambako ganda ni nene. Skrubu ndogo zenye uzi ni rahisi kutumia, lakini katika mfupa uliokuwa kama mkate zinaweza kung'oka. Mahali pa kushikia pakwanguliwe kidogo tu hadi pavuje damu; kuchimba ganda katika mfupa mlaini ni kuondoa nguzo ya nyumba.

Watoa huduma wengi hudhani kwamba kazi hii haiwezekani bila kamera na matundu madogo. Nchini Uingereza wagonjwa 273 wenye zaidi ya miaka 50 waligawanywa kati ya njia ya kamera na njia ya wazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti baada ya miaka miwili. Mpasuaji wa mifupa mwenye chumba safi, dawa nzuri za usingizi na vyombo vya kawaida ana njia inayokubalika. Awe mwangalifu kwa mambo mawili: mpasuo wa deltoidi usishuke zaidi ya sentimita tano chini ya paa la bega, kwa kuwa hapo ndipo upitapo mshipa wa fahamu wa msuli huo, na deltoidi yenyewe, ikiwa imebanduliwa, irudishwe kwa uimara. Bega lisilo na kano bado lina tumaini. Lisilo na kano wala deltoidi lina tumaini dogo mno.

Jambo jingine la kuepukwa ni kuchonga paa la bega kwa mazoea. Tafiti za mwaka 2018 za Uingereza na Finland zilionyesha kwamba kwa maumivu ya kawaida ya bega kuchonga huko hakuzidi kwa maana upasuaji wa kujifanya. Kwa mgonjwa mwenye mpasuko mkubwa kuna hatari zaidi: ukanda unaounganisha paa na mfupa wa mbele ndio kizuizi cha mwisho kinachouzuia mfupa usitokee juu. Ukikatwa, mfupa hupenya mbele na mkono hautanyanyuka tena.

Mara nyingi kano haifungi tundu lote. Hapo mpasuaji asilazimishe. Kushona kano ya mbele na ya nyuma na kuacha upenyo juu kunaweza kurudisha mizani ya bega, kwa kuwa ni nguvu hizo mbili zinazokabiliana zinazoushika mfupa katikati. Kukata kichwa kirefu cha msuli wa baisepsi, kikiwa kimevimba au kimehama, nako hupunguza maumivu kwa gharama ndogo. Msuli hushuka kidogo na kuonekana kama mpira, jambo ambalo mgonjwa aelezwe mapema.

Kinachofuata mshono

Mgonjwa ana haki ya kusikia tarakimu kabla ya kutia sahihi. Huko Ufaransa, katika taarifa ya mwaka 2005 ya wagonjwa 65 walioshonwa kano ya juu kwa kamera, asilimia 71 walikutwa wamepona kabisa, lakini kati ya 23 wenye zaidi ya miaka 65 waliopona ni 10 tu. Marekani, mwaka 2004, kati ya wagonjwa 18 wenye matundu makubwa, 17 walikuwa wamechanika tena. Hata hivyo mwaka mmoja baada ya upasuaji wengi wa hao 18 walikuwa na maumivu madogo na mkono uliofanya kazi vizuri zaidi, ingawa baada ya miaka miwili sehemu ya nafuu ilipungua. Nafuu ya maumivu na kupona kwa kano ni vitu viwili. Mgonjwa anayetafuta usingizi wa usiku na mgonjwa anayetaka kurudi kwenye plau la ng'ombe wanaomba vitu tofauti, na mpasuaji awaulize kabla hajashika kisu.

Kano iliyoshonwa hushikiliwa na uzi tu kwa wiki sita za kwanza. Mkono ukae kwenye kitambaa cha kuning'iniza, vidole, kifundo na kiwiko vikichezeshwa kila siku. Kuanzia wiki ya sita mgonjwa huanza kuuinua kwa kusaidiwa. Kunyanyua vitu vizito kusianze kabla ya mwezi wa tatu, na jembe, ndoo ya lita 20 na kamba ya ng'ombe visubiri hadi karibu mwezi wa sita. Wengi wanaochanika tena huchanika katika miezi hiyo.

Kalenda ya hospitali, kwa hiyo, haina budi kuitazama kalenda ya shamba. Mvua za Mbulu na Hanang huanza mwishoni mwa mwaka. Mkulima anayeshonwa Novemba anaombwa akae na mkono kifuani wakati jirani zake wote wanalima, na ahadi atakayoitoa wodini itavunjwa na nyasi. Mpasuko wa zamani unaosubirika upangiwe mara baada ya mavuno. Mpasuko wa ajali hausubiri. Hapo familia ndiyo ipange nani atalima na nani atachota maji, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, mwenzi wa mgonjwa au mwanawe mkubwa akiwepo. Mama anayeishi peke yake na wajukuu wadogo, asiye na wa kumbebea kuni, huenda akapata faida zaidi kwa mazoezi ya kulala chali hata kama kano yake ingeshonwa.

Kwa wachache ambao mkono umekufa kabisa, mfupa umepanda na kiungo kimelika, ipo njia ya kiungo bandia kilichogeuzwa, mpira ukiwekwa upande wa kombe na kisosi upande wa mkono, kilichobuniwa na Paul Grammont wa Dijon mwaka 1985. Kiungo hicho hufanya kazi kwa deltoidi peke yake, ndiyo maana kuihifadhi deltoidi katika upasuaji wa kwanza kuna uzito. Ni tiba ya gharama na ya hospitali kubwa zenye wataalamu wake.

Barua ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya inaweza kuokoa wiki nyingi ikibeba mambo machache: tarehe kamili ya kuumia, au neno kwamba hakukuwa na kuumia, umri na kazi, mkono anaoutumia zaidi, kama mkono hupanda kwa kusaidiwa, kama kuna bonde nyuma ya bega, sukari ya damu, tumbaku, idadi ya sindano za begani na tarehe ya mwisho, na dawa zote alizotumia mwaka huo. Kama tarehe ya kuumia haijafika miezi mitatu, iandikwe juu kabisa ya barua.